Kicheza muziki chenye redio na kinasa: kipi ununue Uganda, kipi ukiache dukani

Basi la usiku lilinishusha Arua alfajiri, mfukoni nina MP3 mpya. Niliinunua siku moja kabla, Kampala, kwenye duka dogo la ghorofani karibu na Old Taxi Park, na ilikuwa na yote niliyotaka: nyimbo, redio na kinasa sauti. Bibi yangu alikuwa amekubali hatimaye kunisimulia namna watu wa West Nile walivyokimbilia Zaire na Sudan baada ya utawala wa Amin kuanguka mwaka 1979. Alizungumza karibu saa mbili. Alicheka, akanyamaza, akaimba kipande cha wimbo wa kambini ambao sijausikia kwa mtu mwingine. Nilipotaka kusimamisha, skrini ilikuwa nyeusi. Betri ilishakwisha, sijui tangu lini. Nilipoichaji nikalikuta faili, lina jina na tarehe, na ukubwa wake sufuri.

Fundi mmoja wa simu alinieleza baadaye. Kinasa cha bei ya chini huandika sauti kwenye kadi kadiri inavyoingia, lakini maelezo ya faili, yaani linaanzia wapi na lina urefu gani, hukamilishwa pale unapobonyeza kusimamisha. Chaji ikikatika kabla ya hapo, sauti inaweza kuwa imo ndani ya kadi, ila kompyuta haijui pa kuisoma. Kinasa kilichotengenezwa kwa akili huona betri inaishiwa, kikafunga faili chenyewe ndipo kizimike.

Nilimwomba bibi arudie. "Mjukuu wangu, si nilishasema?" Akanirudishia kwa dakika kumi, kavu kama taarifa ya habari.

Kwa hiyo orodha hii haianzii kwenye muziki. Nyimbo zikipotea utazipata kwingine, na redio ikikwaruza utasogea dirishani. Kinachotofautisha kifaa na kifaa ni kinasa, na ndicho kitu ambacho muuzaji hatakuonyesha usipomwomba.

Mbona nisitumie simu yangu kubwa?

Swali la haki. Kama una simu ya kisasa yenye redio ya FM ndani yake na nafasi ya kutosha, huenda huhitaji kununua kitu. Lakini iPhone haina redio ya FM unayoweza kuiwasha, na simu nyingi za bei ya juu nazo zimeachana nayo. Ajabu ni kwamba simu za bei nafuu ndizo bado zinayo. Halafu kuna mambo mawili. La kwanza, simu inapigwa. Uko katikati ya mahubiri au mhadhara wa Makerere, mtu anapiga kuuliza umefika wapi, na programu nyingi za kurekodi husimama hapo hapo. La pili ni chaji. Simu ikibeba redio, nyimbo, WhatsApp na kurekodi kwa pamoja, jioni utaitafuta chaja, na siku hiyo ndiyo umeme utakuwa umekwenda.

Jambo lingine la kujua kabla ya kuingia dukani: makampuni makubwa yameliacha soko hili kwa sehemu kubwa. Apple ilitangaza mwisho wa iPod touch Mei 2022, na hiyo ndiyo iliyokuwa iPod ya mwisho. Ndiyo sababu madukani utakuta vifaa vingi visivyo na jina, au vyenye jina linalofanana na la kampuni kubwa isipokuwa herufi moja.

Sasa orodha, kuanzia ninachokipendekeza zaidi.

1. Kinasa sauti halisi chenye redio ndani

Hiki ni kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kurekodi, muziki na redio vikaongezwa. Ninachokijua vizuri ni Sony ICD-UX570F. Ile F ya mwisho ndiyo redio. Bila F unaweza kuuziwa toleo la nchi nyingine lisilo na FM, na kwa macho vinafanana kama mapacha. Kina hifadhi ya ndani ya 4GB na tundu la kadi ya microSD, na kina USB inayochomoza yenyewe kutoka tumboni, unaichomeka kwenye kompyuta bila waya. Sony wanasema ukikichaji dakika tatu unapata saa nzima ya kurekodi. Kwa mtu anayeishi na umeme wetu, sifa hiyo peke yake ni hoja.

Ubora wake unausikia kwenye kwaya. Kinasa cha kawaida hujipandishia sauti chenyewe: watu wakinyamaza kinavuta mpaka unasikia benchi likilia, kisha waimbaji wa soprano wakiingia kinashtuka na sauti inapasuka. Hapa unachagua mwenyewe usikivu wa maiki, na unaweza kuchagua MP3, faili dogo lililobanwa, au WAV, faili kubwa lisilobanwa.

Ubaya ni bei. Nilipouliza Kampala nilitajiwa zaidi ya shilingi laki nne, na si kila duka linacho. Mara nyingi unaagiza na kusubiri. Kuna ndugu yake wa bei ya chini, ICD-PX370, ambacho hurekodi vizuri sana maneno na hutumia betri mbili ndogo za AAA unazozipata hata kijijini. Hakina redio, lakini nimekitaja kwa sababu ya hizo betri: ukiwa Koboko au kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, betri ya kununua dukani ni bora kuliko chaji ya kusubiri jua. Mwandishi wa habari, mtafiti, au mtu anayekusanya hadithi za wazee, hapa ndipo fedha zake ziende.

2. Simu ya kabiriti

Najua wapenzi wa muziki watanikasirikia kuiweka hii juu ya MP3 yenyewe. Acha wakasirike.

Kabiriti, hiyo simu ndogo ya vitufe yenye tochi, ina redio, ina tundu la kadi, inacheza MP3, na nyingi zinarekodi. Inauzwa kila mji, kuanzia Kikuubo, Kampala, hadi Busia mpakani, ina risiti na dhamana, na ikiharibika fundi wa pembeni mwa barabara anaijua kama mkeka wake. Betri inatoka. Ikichoka unanunua nyingine, na zile za aina ya BL-5C zimeenea hata kwenye redio na tochi. Zaidi ya hapo, inakaa na chaji siku kadhaa. Yangu niliitajiwa 75,000, nikaondoka nayo kwa 60,000.

Angalia mambo matatu. Si kila kabiriti ina nafasi ya kadi: Nokia 105 za zamani hazina, Nokia 110 inayo na inapokea hadi 32GB. Pili, uliza kama redio inafanya kazi bila hedifoni, kwani baadhi ya Itel zinaweza na nyingine haziwezi. Tatu, na hili ndilo lililoinyima nafasi ya kwanza, kinasa chake mara nyingi huhifadhi kwa AMR. Huo ni mfumo uliobuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Hukata sauti zote za juu na kuacha zile tu zinazotosha kuelewa maneno. Mkutano wa kikundi cha akiba utausikia bila shida. Adungu ya mjomba, kile kinubi cha kwetu, itasikika kama iko ndani ya debe.

Na usisahau kuiweka bila laini, au katika hali ya ndege, kabla ya kurekodi. Simu ikiita, kazi imekwisha.

3. MP3 yenye vitufe na skrini

Hapa ndipo penye jina hasa la kicheza muziki: kidude chepesi, kidogo kuliko kiganja, hifadhi ya 8GB au 16GB, tundu la kadi, redio ya FM, kinasa. Ruizu X02 na AGPTEK A02 ni mifano inayojulikana, na vivuli vyao visivyo na jina vimejaa kila mahali. Kwa kusikiliza, sina ugomvi navyo. Nyimbo zinapangwa kwa folda, sauti ni safi kuliko ya kabiriti, na AGPTEK wanataja saa 70 za kucheza nyimbo kwa chaji moja. Zisome saa hizo kwa makini: ni za skrini iliyozimwa na sauti ya wastani. Kurekodi au kusikiliza redio kunakula zaidi.

Kitu kimoja kinachofanya aina hii imfae mwanafunzi ni kitufe cha A-B. Unaweka alama mwanzo na mwisho wa sentensi, kisha inajirudia mpaka uishike. Tangu Baraza la Mawaziri lipitishe Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, naulizwa na walimu wanaojifunza lugha huku wakiifundisha, na jibu langu kwao huwa hili. Anayehifadhi Qurani naye atakishukuru kitufe hicho.

Lakini betri imezibwa ndani. Ikifa, kifaa kimekufa. Na usidanganywe na jina kubwa: Sony Walkman NW-E394 ni mashine nzuri ya muziki na ina FM, ila kinasa haina kabisa. SanDisk Clip nazo zina matoleo mengi, mengine yanarekodi na mengine hayarekodi. Soma boksi, si kibandiko cha mwenye duka.

Ile iliyonipotezea masimulizi ya bibi ilikuwa ya daraja hili, bila jina.

4. Redio ndogo ya kadi

Hii si ya mfukoni, ni ya mkononi na ya kutundika. Ina spika yake, antena ya kuvuta, tundu la kadi na la flashi, na nyingi zinakula ile ile BL-5C. Baadhi hurekodi, kutoka redioni au kwa maiki. Tecsun ICR-110 ni mfano mzuri wenye jina: FM na AM, inacheza MP3 kutoka kwenye kadi na inarekodi humo humo.

Nimeiweka ya nne kwa sababu mwongozo huu ni wa kifaa cha kutembea nacho. Ingekuwa ni kwa mzee wa nyumbani, au mama anayeuza nyanya sokoni, ningeipandisha hadi ya kwanza bila kufikiri. Antena ya kuvuta inashika stesheni za mbali ambazo hedifoni haziwezi, na hakuna menyu ya kumchanganya mtu.

5. Kile cha kubana shatini, kisicho na skrini

15,000, rangi nzuri, hakina redio, hakina kinasa, na nyimbo zinajipanga zitakavyo. Mnunulie mtoto.

Ukifika dukani

Usinunue kitu kilichozimwa. Hilo ni la kwanza na la lazima.

Nenda na hedifoni zako za waya. Kwenye karibu vifaa vyote vidogo, waya wa hedifoni ndio antena ya FM, na hii ndiyo sababu redio inakataa kufunguka ukitumia zile za Bluetooth: sauti inafika masikioni, lakini hakuna waya wa kunasa mawimbi. Waya mfupi sana pia unapunguza usikivu. Urefu wa robo ya wimbi katikati ya mkanda wa FM ni kama sentimita 75, kwa hiyo hedifoni za kawaida zinafaa vizuri kwa bahati.

Usijaribu redio ukiwa katikati ya arkedi, yaani jengo la maduka. Zege na nondo za majengo kama Mutaasa Kafeero zinameza mawimbi, na utalaumu kifaa kisicho na kosa. Mwambie muuzaji kwa upole, "Ssebo, tutoke hadi mlangoni." Atasonya kidogo, lakini atatoka. Kisha bonyeza kutafuta stesheni. Kama uko Kampala unapaswa kuipata Sanyu kwenye 88.2, CBS kwenye 88.8, Capital kwenye 91.3 na Simba kwenye 97.3. Ukipata za mwanzo na kisha kimya kuanzia karibu 90 kwenda juu, usikitupe kifaa: huenda kimepangwa kwa mkanda wa Japani, ambao kwenye vifaa vingi huishia hapo. Ingia kwenye mipangilio ubadilishe kiwe cha kawaida, 87.5 hadi 108. Nimewahi kununua kimoja kwa nusu ya bei kwa sababu muuzaji alidhani redio yake ni mbovu. Sikumsahihisha, na bado najisikia vibaya kidogo.

Sasa kinasa. Rekodi dakika moja barabarani, muuzaji akiongea, boda zikipita. Sikiliza. Kisha rekodi nyingine, na wakati inaendelea, kizime ghafla kwa kitufe cha umeme. Kama betri inatoka, ichomoe. Washa tena. Je, faili lipo na linacheza? Jaribio hili la nusu dakika lingeniokolea saa mbili za Arua. Wauzaji hawalipendi. Mmoja aliniambia ninamharibia mali. Nikamrudishia mali yake nikaenda duka la jirani.

Angalia pia tundu la chaji. Mini-USB ya zamani itakusumbua kutafuta waya; micro-USB au Type-C utaazima kwa mtu yeyote kwenye taksi. Na ule waya unaokuja ndani ya boksi, uchomeke kwenye kompyuta kama ipo: baadhi ni wa kuchaji tu, haupitishi faili.

Kadi ya memori: hapa ndipo watu wanapoibiwa

Kadi ya "64GB" kwa bei ya soda mbili si bahati yako, ni kadi ya 8GB iliyofundishwa kusema uongo. Itapokea nyimbo zote unazoipa na kuonyesha majina yake, kisha zile zilizozidi ukubwa wake wa kweli hazichezi, au zinafuta za mwanzo. Ukiwa na kompyuta ya Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw: inaijaza kadi kisha inasoma kila kitu tena. Huna kompyuta? Ijaze kwenye kibanda cha nyimbo, kisha cheza za mwanzo na za mwisho kabisa kabla hujaondoka. (Na vibanda hivyo, sheria ya hakimiliki ya 2006 haivitambui hata kidogo, ingawa tunajua sote nyimbo zinatoka wapi.)

Kwa matumizi mengi 32GB inatosha na kuzidi. Vifaa vingi vya bei nafuu huishia hapo, kwa sababu kadi za 64GB kwenda juu huja na mpangilio mwingine wa faili ambao havisomi. Ukirekodi MP3 ya kbps 128, saa moja hula kama MB 58, hivyo kadi ya 32GB inabeba zaidi ya saa 500. Ukitaka WAV yenye ubora wa CD, saa moja ni kama MB 635, na kadi ile ile inabeba kama saa 50. Kwaya na ngoma ziende kwa WAV. Mikutano, mahubiri na mhadhara, MP3 yatosha.

Siku ya kurekodi yenyewe

Kiweke juu ya kitenge kilichokunjwa, si juu ya meza tupu; meza hupeleka kila kikombe ndani ya maiki. Simu zote mita mbili mbali, maana ule mlio wa dridridri kabla ya simu kuita huingia kwenye rekodi na hautoki. Nyumba ya mabati mvua ikianza, simamisha usubiri, hakuna mashine itakayokusaidia. Na kila baada ya dakika thelathini, simamisha faili na uanze jingine, hata kama kifaa ni cha laki tano. Msimuliaji atatumia nafasi hiyo kunywa chai.

Mwambie kwanza kwamba unamrekodi. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inahusu ridhaa, lakini hata isingekuwepo, kumrekodi mtu kwa siri na kumcheza kwenye kikundi cha WhatsApp ni utovu wa adabu.

Mwaka jana nilimpelekea bibi redio ya kadi, ile ya nafasi ya nne. Ameifunga kamba, inaning'inia kwenye msumari karibu na jiko, na kutwa nzima ni Radio Pacis kwenye 90.9. Kinasa sikumwonyesha, nikijua hatakihitaji. Asubuhi moja akanipigia: "Hii taa nyekundu inazimwaje? Inanitazama tangu jana." Nilipoifungua ile kadi likizo ya Desemba nikakuta amebonyeza bila kujua na kurekodi muda wa saa nne: kuku, mvua, jirani akiomba chumvi, na karibu na mwisho, yeye mwenyewe akiosha vyombo na kuimba ule wimbo wa kambini kuanzia mwanzo.